Swichi ya Tatu

Kwa muda mrefu, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba kazi yangu ya kwanza kubwa ilikwenda vizuri. Mtandao ule unafanya kazi mpaka leo. Swichi tatu nilizozichagua mwenyewe, vile visanduku vinavyounganisha mashine kwenye mtandao mmoja, zimemaliza misimu miwili ya mvua kwenye vumbi la mtambo wa dhahabu, upande wa Geita, na hakuna hata moja iliyokufa. Yote hayo ni kweli. Nilichokuwa nakiacha ni kwamba kuna mtu alipoteza kazi yake kwa ajili ya jambo ambalo mimi sikulifanya, na kwamba nilijua siku ile ile, nikanyamaza.

Sikusomea mitandao popote. Nilijifunza nyumbani kwetu Ibadakuli, kwenye meza ya kulia chakula, kwa video za kwenye simu na swichi mbili chakavu nilizozitoa kwa wauza vyuma wa Kahama. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, na asiye na mtu wa kumuuliza huwa na hofu nyingi. Nilikuwa nakata ncha ya kebo na kuifunga upya mara nne, mara tano, mpaka zile nyaya nane za rangi zilingane sawasawa, ingawa hata ile ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Mama alikuwa akinitazama na kusema, "Wewe utakuja kuoa hizo waya."

Katika kujifunza huko nilijitengenezea kanuni moja, na lazima niieleze kwa sababu kila kitu kilitokana nayo. Swichi za kazi kubwa zina kumbukumbu mbili. Ukibadilisha mipangilio, inaanza kutumika papo hapo, lakini inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukizimwa, inafutika. Ili ibaki, unatakiwa kutoa amri nyingine ya kuihifadhi. Mara nyingi nilikosea mipangilio nikajifungia nje ya swichi yangu mwenyewe, na kilichoniokoa ni kuchomoa waya wa umeme, kwa sababu makosa yangu yalikuwa hayajahifadhiwa. Kwa hiyo nikajiambia: usihifadhi mpaka uridhike. Ilikuwa kanuni nzuri kwa mtu anayejifunza peke yake mezani kwa mama yake. Shida ni kwamba mimi siridhiki.

Bosi wangu alikuwa na kampuni ndogo Kahama, ya kufunga kamera na simu za ofisini. Alipopata kazi ya mtambo ule alinituma mimi, kwa sababu hakuwa na mwingine aliyekuwa amewahi kusoma karatasi za maelezo ya kifaa mpaka mwisho. Mtambo ulikuwa unasaga mawe na kuchenjua marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshauosha mara ya kwanza. Meneja alitaka pampu, karasha la kusaga mawe na matangi vyote vionekane na kuongozwa kutoka chumba kimoja. Walikuwa wamejaribu na swichi za kawaida za ofisini. Nilipofungua moja iliyokufa, ndani kulikuwa na unga wa mawe laini kama wa ngano, na feni yake ndogo ilikuwa imezikwa humo.

Hapo ndipo nilipokutana na fundi umeme wa pale. Alikuwa mtu mzima, amekaribia miaka sitini, mwembamba, anatembea na sanduku la mbao la vifaa ambalo kila kitu kilikuwa na tundu lake. Nilikuwa nimesimama juani saa nane mchana, nimeingiza kipimajoto ndani ya kabati tupu la chuma, naandika kila baada ya dakika kumi.

"Unapika nini humo, mayu?" akaniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo wanavyomwita mwanamke yeyote, hata aliye na umri wa binti zao.

"Shikamoo baba. Napima joto."

"Marahaba. Joto la hapa halina haja ya kipimo. Weka mkono kwenye hilo bati, ukipiga kelele ujue limefika."

Kipimajoto kilisoma nyuzi hamsini na nane. Nikamwonyesha. Akakiangalia, akaweka kiganja kwenye bati, akakitoa haraka, akasema, "Sawa, kimesema kweli," na tukacheka wote wawili. Kuanzia siku hiyo alikuwa mwalimu wangu, ingawa hakuna kati yetu aliyelitamka neno hilo.

Kuchagua swichi kulinichukua wiki mbili. Bosi alitaka niende dukani nichukue chochote. Nilimkatalia kwa namna iliyonishangaza mimi mwenyewe. Nilitaka swichi isiyo na feni, ya gamba la chuma, inayotoa joto kwa mwili wake, inayofungwa kwenye reli ndani ya kabati badala ya kuwekwa juu ya rafu, na yenye njia mbili za umeme ili moja ikikatika nyingine iendelee. Nilisoma karatasi za aina saba. Niliandika mambo ya kila moja kwenye daftari, nikayaandika tena kwenye daftari safi kwa sababu la kwanza lilikuwa na maneno yaliyofutwa.

Lakini mambo mengi yaliyozifanya zidumu hayakuwa kwenye karatasi zozote. Nilikuwa nimepanga kabati la karasha lifungwe kwenye fremu ya karasha yenyewe, kwa kuwa ilikuwa karibu. Fundi alisogea, akagonga fremu kwa bisibisi.

"Ukilifunga hapa, mwezi hauishi utaokota skrubu zako chini. Hii mashine inatetemesha mpaka meno. Lipe nguzo yake."

Tukachimbia nguzo yake. Ni yeye aliyesema kebo ziingilie chini ya kabati, kwa sababu mvua ya pale inakuja na upepo kutoka upande mmoja, na kwamba kila tundu tuliloliacha wazi manyigu watalijaza udongo. Ni yeye aliyechimba shimo la nondo ya kupeleka radi ardhini, akalizungushia mkaa na chumvi ili udongo usikauke. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema alianza kwa kusuka upya mota za karasha zilizoungua, akiwa hana cheti, na mpaka leo hana. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, akiangalia upande wa ofisi. Meneja alikuwa ameshamwambia kwamba mkataba wake ukiisha atatafuta mtu mwenye vyeti, na mkataba ulikuwa unaelekea mwisho. Yeye alitegemea kazi ile mpya ya mtandao imwonyeshe meneja kwamba bado anafaa.

Nilijua hilo. Nataka lieleweke kwamba nilijua.

Swichi zilikuwa tatu: moja karibu na chumba cha kuongozea mtambo, moja kwenye karasha, moja kwenye matangi. Nilizifunga kwa mzunguko, ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kurudi ya kwanza, ili kebo moja ikikatwa na gari la mawe ujumbe upite upande mwingine. Mzunguko wa namna hiyo una hatari moja. Lazima swichi mojawapo ifunge njia yake moja, kama mlango, na kuufungua tu pale upande mwingine unapokatika. Mlango huo ukiwa wazi wakati kila kebo ni nzima, ujumbe unazunguka na kuzunguka, unajizidisha, mpaka mtandao wote unazibwa. Kazi ya kushika mlango niliipa swichi ya tatu, ile ya kwenye matangi.

Ya kwanza na ya pili nilizihifadhi. Ya tatu nikaiacha. Kulikuwa na kipimo kimoja nilichotaka kukirudia, cha sekunde inazochukua kufungua mlango kebo ikichomolewa. Mara ya kwanza ilikuwa nzuri, mara ya pili nzuri, mara ya tatu ilichelewa kidogo sana, na kile kidogo kilinikaa kichwani. Nikasema nitarudia kesho. Kesho yake meneja alitaka nimpe maelezo, nikakaa siku nzima naandika kitabu cha makabidhiano, kila kebo na jina lake, kila kabati na picha yake. Kilikuwa kizuri. Sikurudi kwenye matangi.

Siku yangu ya kuondoka, fundi alinifuata.

"Mayu, hapa kila Jumamosi tunazima mashine moja moja tunapuliza vumbi na kompresa. Hayo makabati yako nayo yatapata zamu. Nikizima, itarudi yenyewe, au mpaka uje?"

Kwao kupuliza ni sehemu ya kazi kama kufagia. Kisichopulizwa pale kinakufa. Nikamwambia, "Itarudi yenyewe, baba. Zima tu zote mbili, upulize, uwashe."

"Zote mbili?"

"Njia zote mbili za umeme. Ukizima moja haitazimika."

Akarudia ili akumbuke: zote mbili, kupuliza, kuwasha. Akanishukuru, "Wabeja," akaenda zake.

Jumamosi ya kwanza alipuliza kabati la chumba cha kuongozea. Likarudi lenyewe. Ya pili akapuliza la karasha. Likarudi. Jumamosi ya tatu ikawa zamu ya matangi. Katika wiki zote hizo umeme wa gridi ulikuwa umekatika mara nyingi, lakini zile njia mbili nilizozipigania, moja ya gridi na nyingine ya betri, zilikuwa zimeishikilia swichi ya tatu bila kuzimika hata mara moja. Alikuwa mtu wa kwanza kuizima, na aliizima kama nilivyomfundisha.

Bosi alinipigia nikiwa Ibadakuli, naanua nguo. Alikuwa anapiga kelele. Nilipanda gari mpaka Kahama, nikaunganisha, nikamalizia na bodaboda. Nilipofika, mtambo ulikuwa kimya. Pampu zilipopoteza mawasiliano zilisimama, kama zilivyopangwa kusimama, na ile mikono ya chuma inayokoroga tope ndani ya matangi nayo ikasimama. Tope likikaa bila kukorogwa linatulia chini na kuganda kama zege. Watu walikuwa juu ya matangi na mabomba ya maji na miti mirefu, wanalichokonoa. Walilichokonoa kwa siku mbili.

Nilifungua kompyuta yangu mbele ya kabati la matangi, nikaingia kwenye swichi ya tatu, na nikaona. Ilikuwa kama imetoka kiwandani. Haikuwa na jina nililoipa, haikuwa na mzunguko, haikuwa na mlango. Sikuhitaji kutafuta. Nilielewa kila kitu mara moja, mpaka ile siku niliyosema kesho.

Nikapakia mipangilio kutoka kwenye nakala yangu. Nikahifadhi. Mtandao ukarudi chini ya dakika tano. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Tatizo lilikuwa nini?"

Nikasema, "Swichi ilipoteza mipangilio baada ya kuzimwa."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala, na kila mara naona jinsi nilivyoipanga vizuri.

"Nani aliizima?" meneja akauliza, ingawa alijua.

Fundi alikuwa pale pale, vumbi limemjaa nyusi. "Mimi. Nilipuliza, kama tunavyopuliza vyote. Na nilimuuliza huyu binti kabla hajaondoka. Alisema itarudi yenyewe."

Meneja akanigeukia. "Ulimwambia hivyo?"

Mimi ambaye nakumbuka kebo namba kumi na nne ilikuwa na urefu gani. Mimi niliyeandika kwenye daftari saa ambayo kila skrubu ilikazwa. Nikasema, "Sikumbuki kama nilisema hivyo."

Fundi alinitazama. Hakubisha. Nadhani kwa muda ule alinionea hata huruma, akidhani kweli nimesahau, kwamba ni mtoto wa watu amechanganyikiwa. Meneja akasema, "Nilisema mimi. Mtu asiyesomea akiachiwa vitu vya kisasa, matokeo yake ndiyo haya." Alikuwa anamsema fundi. Mimi pia sikuwa nimesomea, na nilikuwa nimesimama hapo na kompyuta yangu, nikipokea heshima ya cheti nisichokuwa nacho.

Hawakusubiri mkataba uishe. Jumatatu asubuhi alikuwa anatoka getini na sanduku lake. Mimi nilikuwa bado pale, kwa kuwa bosi alitaka nihakikishe kila kitu. Ningeweza kujificha nyuma ya karasha. Badala yake nikaenda, sijui kwa nini, labda nilitaka anisamehe bila kujua anasamehe nini.

Akatua sanduku chini. "Mayu, niambie kweli kama mwenzangu wa kazi. Nilikosea wapi? Hayo mawili ya kwanza nilifanya vile vile."

Hapo hakukuwa na meneja wala bosi, ni sisi wawili na mlinzi anayesikiliza redio. Ningesema wakati ule, angerudi ofisini na mimi nyuma yake, na pengine ingetosha. Nikasema, "Labda upepo wa kompresa ulikuwa na nguvu sana, baba. Labda ulisukuma kitu ndani."

Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayejifunza jambo. "Upepo," akasema. "Kweli, siku ile sikupunguza." Akainua sanduku, akaondoka.

Baada ya pale bosi alinipa kazi nyingine, na nyingine. Nilikuwa nahifadhi kila swichi mara tatu, nazima, nawasha, nahifadhi tena. Wateja waliniona makini. Nilianza kuandika barua. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika. Kila mara niliona kuna sehemu haijaeleza vizuri, kuna neno halijakaa, na nikaliita hilo kutafuta usahihi. Miezi ilipita hivyo. Sasa najua kwamba ilikuwa ile ile ya kesho, na kwamba nilikuwa nasubiri kuridhika tena.

Mlinzi wa getini ndiye aliyeniambia, kwenye simu, nilipompigia kwa shughuli nyingine: yule mzee yuko Maganzo, anauza chekeche. Jumapili nikapanda gari la kwenda Mwanza, nikashuka Maganzo.

Alikuwa kando ya barabara, chini ya turubai, anakunja wavu wa waya kwenye fremu za mbao, yale machekeche ambayo wachimbaji wa almasi wanachujia mchanga. Kijana mmoja mchimbaji alikuwa ameinua moja juani, analichungulia.

"Mzee, hili matundu yake makubwa. Litapitisha almasi yangu."

"Almasi yako wewe inapita hata kwenye sufuria. Lete hapa kama hulitaki."

Kijana akacheka, akalichukua, akaenda. Ndipo fundi aliponiona. Uso wake ulifurahi, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Mayu! Umekuja kuweka mtandao kwenye chekeche?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa. Kaa hapo kwenye ndoo, iko safi."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa haraka, bila mpangilio niliokuwa nimeukariri garini. Kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba sikuihifadhi ile ya tatu. Kwamba kila swichi ya namna ile ingefanya vile vile kwa mtu yeyote atakayeizima. Kwamba nilikumbuka nilichomwambia, nilikumbuka neno kwa neno.

Aliendelea kukunja waya mpaka akamaliza upande ule. Akaweka koleo chini.

"Nilikuuliza getini."

"Ndiyo."

"Ukaniambia upepo."

"Ndiyo, baba."

"Kumbe haukuwa upepo."

"Haukuwa upepo."

Akasimama, akatembea mpaka mwisho wa turubai, akarudi. Alisema baada ya kutoka mtamboni alipata kibarua Kahama, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mota ilikuwa imejaa pumba. Wakampa kompresa. "Nimeshika ule mpira, nimesimama mbele ya mota, mkono haufungui. Najiambia, nikifungua nitaharibu tena. Nikaiacha. Baada ya siku nne mota ikaungua kwa uchafu. Mimi! Mota! Nikajua mkono umekwisha. Nikauza testa, nikauza kila kitu kilichokuwa kwenye lile sanduku." Akanitazama kwa hasira ambayo nilikuwa nimeisubiri kwa muda mrefu hata nikaona nafuu, kisha nikaona aibu kwa ile nafuu. "Kazi ningeweza kukusamehe, mayu. Watu wananyang'anyana kazi kila siku. Lakini mimi nilikuuliza kwa ajili ya kujua."

Mke wake alikuwa ametoka nyuma, mikono ina unga. Fundi akamwelezea kwa Kisukuma. Naelewa Kisukuma kiasi, na nilielewa vya kutosha. Mama yule aliniuliza kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti.

"Siku anatoka na sanduku, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Akamwambia mumewe, "Aandike. Ndugu zako wameshasema umezeeka, umeharibu mtambo wa watu. Aandike wasome."

Nikasema nimeshaandika. Nikatoa barua kwenye mkoba, kurasa mbili na nusu, zimepigwa chapa. Fundi akasema nimsomee. Nikaanza. Nilikuwa nimeeleza kumbukumbu mbili za swichi, mzunguko, mlango, jinsi nilivyojifunza bila mwalimu, jinsi kipimo cha tatu kilivyochelewa. Hata sijamaliza ukurasa wa kwanza akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaomba kalamu.

"Huu mzunguko, meneja atauelewa?"

"Sidhani."

"Umeuweka wa nini?" Akaukata kwa mstari. Akasoma mbele, midomo inacheza. "Hapa unajitetea." Mstari. "Hapa unalia." Mstari. "Hapa unajitetea tena, ila kwa Kiswahili kizuri." Alipofika mwisho zilikuwa zimebaki sentensi nne. Mke wake akasema, "Weka kwamba alikuuliza kabla ya kuzima." Zikawa tano.

Nikaandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, nikitumia chekeche lililogeuzwa kama meza. Niliandika kwamba mtandao ulianguka kwa kosa langu. Kwamba fundi aliniuliza kabla, na nilimjibu kwamba swichi itarudi yenyewe. Kwamba alizima kama nilivyomwelekeza. Kwamba nilijua siku ile ile. Kwamba niliposema sikumbuki nilisema uongo. Kwenye neno uongo kalamu ilikwama kwenye tundu la wavu, karatasi ikatoboka. Nikaanza kuchana ukurasa mwingine ili niandike upya.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

Nikaweka saini. Nikaipiga picha, nikamtumia meneja, nikamtumia bosi, mbele yao. Karatasi yenyewe mama aliichukua, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga kifuani. Tulisubiri kidogo, simu iko juu ya chekeche, wote watatu tunaiangalia. Wateja wawili wakaja. Fundi akainuka kuwahudumia, na nikaona kwamba hawangeniambia nibaki wala niondoke.

"Nakwenda, baba."

"Haya."

Mgeni wa kawaida angesindikizwa mpaka barabarani. Mimi nilivuka peke yangu.

Majibu yalinikuta karibu na mjini. Bosi alinitaka nisikanyage tena mtambo ule, na kazi nyingine tutaongea. Meneja aliandika kwamba amepokea na kwamba nafasi ilishajazwa. Simu ya fundi ilikuwa ndogo, haisomi picha wala ujumbe mrefu, kwa hiyo nikampigia. Nilimsikia anahesabu fremu kabla hajaniitikia. Nikamsomea neno kwa neno.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, baba. Ningeweza kwenda mwenyewe ofisini, nikaongee na—"

"Nafasi imejazwa," akasema. "Sasa ukaongee nini?" Kulikuwa na sauti ya mtu anauliza ukubwa wa matundu, naye akamjibu kwanza. Kisha akanirudia. "Ungeleta mapema, mayu. Haya. Niko na mtu hapa."